Kumfuata Mheshimiwa Pelling hadi Minnesota

Niliondoka Njombe kwa sababu ya picha iliyotundikwa ukutani mwa nyumba nisiyoijua. Wifi yangu Wanjiru, Mkenya aliyeolewa na mdogo wangu Festo, ni muuguzi anayewahudumia wazee majumbani mwao huko Minnesota, Marekani. Siku moja mwezi wa Novemba alinipigia simu akiwa sebuleni kwa mgonjwa wake mpya, bibi wa miaka tisini na moja. Alizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

"Dada, yule mtu wako yuko hapa ukutani. Jina limeandikwa chini ya picha. Josiah Pelling."

Yafaa nieleze huyo "mtu wangu" ni nani. Nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Nilipokuwa bado mwanachuo wa ualimu niliokota kwenye stoo ya maktaba kitabu cha zamani cha hotuba, kimechanika jalada, na humo mlikuwa na hotuba moja ya huyo Pelling. Alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo la Minnesota, katika karne ile ambayo Wamarekani walipigana wao kwa wao kuhusu utumwa. Alikuwa mtoto wa seremala, akasomea sheria, akapanda meli ya moshi kuufuata mto hadi Saint Paul wakati mji huo ulikuwa bado matope na magogo. Alisimama barazani kudai kwamba wanaume weusi wapige kura kama weupe. Wananchi wakakataa. Akadai tena, wakamvunjia madirisha ya nyumba, wakakataa tena. Akadai mara ya tatu, safari hiyo ikapita.

Hotuba hiyo niliisoma mbele ya kila kidato cha tatu nilichokifundisha. Nilipostaafu nikaanza kuandika kitabu kidogo cha wanafunzi kuhusu wanasiasa waliowatetea wengine bila kutarajia faida. Pelling alikuwa sura ya nne, lakini nilimjua kwa nje tu. Wanjiru akaniambia kwamba yule bibi, Bibi Helen, ni kitukuu chake, na kwamba ana daftari la Pelling ambalo ukoo haujawahi kumwonyesha mtu.

Festo hakutaka niende. Alisema mji wao msimu huo umejaa maafisa wa uhamiaji, kwamba watu wanasimamishwa njiani na kuulizwa karatasi, na wengine hawarudi nyumbani jioni. Yeye na mkewe wana karatasi zote, na bado wanatembea nazo kifuani. Akaniomba nisubiri mwaka mwingine. Nikamjibu kwamba mwenye miaka tisini na moja hawekewi miadi ya mwaka mwingine. Viza nilikuwa nayo bado hai, niliyoipata kwa ajili ya mahafali ya mtoto wa Festo. Nikafunga sanduku.

Jumatatu, wiki ya pili ya Januari. Basi la alfajiri lilinitoa Njombe mvua ikinyesha, na Dar es Salaam nikalala kwa rafiki. Usiku uliofuata nilikuwa angani. Mimi ni mtu wa nyanda za juu, nimezoea jani la asubuhi lililoganda kwa sakitu mwezi wa Juni, na nilijivunia kwamba baridi hainitishi. Kilichonikosesha usingizi kilikuwa maneno ya Festo kuhusu watu wasiorudi jioni.

Saa nane mchana, uwanja wa ndege wa Minneapolis. Afisa aliyenihoji alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Nilikuwa nimejizoeza kujibu kwamba nimekuja kumsalimu mdogo wangu, lakini nikajikuta nimesema ukweli wote, kwamba nimekuja kusoma habari za mwanasiasa aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Akauliza narudi lini, nikamwonyesha tiketi. Akauliza tena, nikamwonyesha tena. Aliponigongea muhuri nilitembea hatua kumi hivi, kisha nikaketi juu ya kitoroli cha mizigo.

Festo alikuwa ameota mvi. Ni mtu ambaye kicheko chake tangu utoto kilisikika nyumba ya tatu, lakini siku hiyo aliinama kidogo, akasema "Shikamoo dada" kwa sauti ya kuficha, akaniambia tutazungumza garini. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Baridi ya nje nilikuwa bado sijaionja. Nilipotoka mlangoni pua zilishikana ndani, na machozi yakaganda kwenye kope. Majigambo yangu ya Njombe niliyaacha palepale.

Brooklyn Park, saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia. Hiki ni kitongoji cha kaskazini ya Minneapolis chenye Wakenya wengi na watu wa Afrika Magharibi, wengi wao katika majengo ya ghorofa tatu yaliyopangana kuzunguka maegesho ya magari. Wanjiru alinipokea kwa chai ya maziwa na chapati. Alisema zamani Jumamosi ungejua nani anapika nini kwa kupita tu kwenye korido, na watoto walicheza mpira kwenye ngazi hadi mameneja wakalalamika. Sasa korido ilikuwa kimya, na kila mlango ulikuwa na tundu dogo la kuchungulia kama jicho.

Festo, anayefanya kazi ya kukagua vifaa katika kiwanda huko Fridley, alinipa masharti kabla sijavua koti. Pasipoti isinitoke mwilini. Dukani nizungumze Kiingereza. Na mlango nisimfungulie mtu yeyote nikiwa peke yangu, hata akilia. Sharti la mwisho alilirudia.

Alhamisi asubuhi, njiani kwenda kwa Bibi Helen, Saint Louis Park. Wanjiru anaendesha haraka kama Wakenya wote, lakini siku hiyo barabara ilikuwa na barafu nyeusi isiyoonekana, akawa anaenda polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. "Hapa kila mtu anadraivu, dada. Usipodraivu umekwama kwa nyumba," alisema. Kila gari kubwa jeusi lililotupita aliligeukia kwa macho tu, bila kugeuza kichwa. Nikajikuta nami nafanya hivyo.

Bibi Helen aliishi ghorofa ya tano, mwembamba, amejifunga blanketi, akili yake kali kama wembe. Picha ilikuwa ukutani, juu ya meko ya kuotea moto. Pelling alikuwa na uso mrefu na macho ya mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi. Bibi Helen akaniuliza kwa Kiingereza kama kweli nimevuka bahari kwa ajili ya babu huyo. Nikamwambia ndiyo, na kwamba watoto wa kijiji changu wanalijua jina lake. Kisha akamwambia Wanjiru alete sanduku la viatu lililokuwa chini ya kitanda.

Alinieleza kwamba karatasi nyingine zote za Pelling zilishapelekwa kwenye nyumba ya kumbukumbu huko Saint Paul. Daftari hili moja baba yake alilizuia, naye akalizuia. Hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Alitaka nilisome lote, kisha nimwambie alichome moto au alitoe.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza.

"Kwa sababu wewe ndiye unayempenda," alijibu. "Wengine wote wanalipwa kumsoma."

Siku tatu mfululizo nilikaa karibu na dirisha lake nikisoma mwandiko ule uliolala kama nyasi kwenye upepo. Wanjiru alifanya kazi yake, akampima bibi presha, akamnywesha dawa. Kurasa za mwanzo zilikuwa za mtu niliyemjua, kesi za mashamba, uchaguzi wa kwanza alioshinda, watoto wawili walioponea chupuchupu homa kali. Aliyewauguza alikuwa mwanamke wa kabila la Wadakota, wenyeji wa nchi ile kabla ya wazungu. Alipika na kufua katika nyumba ya Pelling kwa miaka mingi, na daftari linamwita Anna tu.

Siku ya tatu nilifika kwenye vita. Walowezi na Wadakota waliuana katika bonde la Mto Minnesota, na vita vilipokwisha serikali iliwakusanya wanawake, wazee na watoto wa Kidakota, ikawaswaga hadi kambi ya matope chini ya ngome ya jeshi, baridi ikianza. Mjini Saint Paul hasira ilikuwa imewaka. Mtu aliyeonekana kumhurumia Mdakota alipigwa. Pelling alikuwa anagombea tena kiti chake.

Anaandika kwamba Anna alikuwa ameenda kwa ndugu zake kabla ya vita. Asubuhi moja alirudi, akabisha mlango wa mbele, na mtoto mgongoni. Alimwita kwa jina. Aliomba afichwe kwenye stoo ya kuni hadi mambo yatulie. Pelling alikuwa amesimama upande wa ndani, karibu kiasi cha kusikia mtoto akikohoa. Hakufungua. Mkewe alikuwa ngazini, naye hakusema neno. Baadaye walisikia kwamba askari walimkuta Anna kwenye barabara ya chini na kumpeleka kambini. Mara tatu Pelling alifunga farasi aende kumtafuta, na mara tatu aligeuza njiani. Majira ya kuchipua wafungwa wote walipakiwa melini na kupelekwa mbali. Hakuwahi kujua kama Anna alikuwa miongoni mwao au alizikwa pale mtoni.

Hotuba yangu, ile niliyoifundisha miaka thelathini na mmoja, ilikuja baada ya hapo. Ukurasa wa siku hiyo unasema watu walimsifu kwa ushujaa, na kwamba alirudi nyumbani akapitia mlango wa nyuma, kama alivyokuwa akifanya tangu siku ile ya Anna.

Nililifunga daftari. Nilijisikia kama mtu aliyetapeliwa. Nikamwambia Bibi Helen, kwa ukali ambao sasa unanitia haya, kwamba babu yake alikuwa mnafiki, na kwamba sura ya nne nitaifuta. Hakubisha. Aliniuliza tu kama nimeshawahi kuogopa. Nikamjibu kwamba kila mtu ameshaogopa, na nikadhani nimemjibu vizuri.

Jumapili mchana, baada ya ibada, nilimwomba Wanjiru anipeleke kwenye ile kambi. Ni mahali Mto Minnesota unapoingia Mississippi, Wadakota wanapaita Bdote. Ngome iko juu ya jabali, na chini ni tambarare ya miti mitupu na theluji inayofika magotini. Hapakuwa na mtu. Ndege zilipita chini chini juu ya vichwa vyetu zikitoka uwanjani. Kulikuwa na uzio mdogo wa mbao, na mtu alikuwa amefunga vitambaa vyekundu vya ukumbusho kwenye tawi. Nilisimama dakika tano, vidole vya miguu vikafa ganzi ndani ya buti za kuazima. Nikawaza watoto waliokaa hapo msimu mzima. Wanjiru alikuwa anatazama barabara muda wote. "Twende, dada," alisema. "Sipendi hii gari imesimama pale juu." Tulirudi hadi kwenye gari kwa hatua za haraka, wawili tumeshikana mikono, na lile gari la juu halikufanya lolote.

Jumanne, saa nane na nusu mchana. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Festo yuko Fridley, Wanjiru yuko kazini. Mlango ukabishwa, mara tatu, kwa vidole.

"Mama wa Tanzania, unifungulie mulango. Niko naomba."

Niliitambua sauti. Alikuwa Mama Furaha, Mkongomani wa mlango wa tatu kutoka kwetu. Tulikutana Jumamosi kwenye chumba cha mashine za kufulia, tukafurahia kusikizana Kiswahili chake cha Goma na changu cha Njombe. Aliniambia mumewe anaendesha lori majimbo ya mbali, kwamba kesi yao ya kuomba hifadhi bado haijaamuliwa, na kwamba ana binti wa miaka sita, Furaha, anayesoma shule ya jirani.

Nilikwenda dirishani kwanza. Kwenye maegesho kulikuwa na gari jeusi, injini inanguruma, moshi mweupe unatoka nyuma, na watu wawili ndani. Nikarudi mlangoni nikachungulia kwenye tundu. Alikuwa amejifunika shali, anatazama upande wa ngazi. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa. Niliwaza viza yangu. Niliwaza Festo na sharti lake, na leseni ya uuguzi ya Wanjiru. Kila nilichowaza kilikuwa kweli. Nikabana pumzi asinisikie.

"Mama," alisema taratibu, "ninasikia uko hapo."

Sikujibu. Nilisimama hivyo hadi hatua zake zikaondoka. Baada ya kama dakika kumi lile gari nalo liliondoka, na mpaka leo sijui lilikuwa la nani. Pengine lilikuwa la watu wanaomsubiri rafiki yao.

Nilikaa chini, mgongo kwenye mlango. Muda wa saa moja hivi baadaye nilimwona kupitia dirishani, anavuka theluji nusu akikimbia, uso amefunika, kwenda kituo cha basi la shule. Akarudi amemkumbatia mtoto ubavuni kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Waliingia salama. Nilishukuru Mungu, na shukrani hiyo haikunipa raha yoyote.

Jioni nilimweleza Wanjiru. Aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema, "Hata mimi singefungua, dada." Alitaka kunifariji. Nilienda kulala mapema, nikalala macho.

Jumatano, saa nne asubuhi, nilikwenda mimi kubisha kwake. Nilidhani atanichungulia aniache nisimame, na ningeona ni haki. Alifungua mlango wote, akasema, "Karibu, Mama." Niliona afadhali angenitukana. Nikamwambia nikiwa nimesimama kwamba jana nilikuwa nyuma ya mlango.

"Nilijua," alisema. "Nilisikia ndala zako."

Alinikalisha, akanipa chai. Alichotaka jana kilikuwa kidogo sana. Alikuwa ameliona lile gari, akaogopa kushuka, na dereva wa basi la shule hamwachi mtoto wa umri ule bila mtu mzima wa kumpokea. Alitaka nishuke mimi, mwenye pasipoti iliyogongwa muhuri juzi tu. Nikamwomba hiyo kazi anipe sasa, kwa siku zote nilizobakiza.

"Hauogope?"

"Naogopa sana."

"Basi sawa," alisema. "Muntu asiyeogopa angeniogopesha."

Festo alikasirika, akapiga meza, kisha akatoka akarudi na buti nzuri zaidi za kunikinga na baridi. Mama Furaha akaandikisha jina langu shuleni. Siku ya kwanza nilifika kituoni nusu saa kabla, na kila gari lililokata kona lilinirudisha nyuma hatua moja. Dereva, mama mnene mwenye kofia ya manyoya, alilinganisha jina langu na karatasi yake. Furaha akashuka. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanielewa, akanijibu kwa Kiingereza kwamba kofia yangu ni kubwa mno. Siku ya pili vilevile. Kila nilichomwambia alikielewa, na kila alichonijibu kilikuwa Kiingereza.

Siku ya tatu, Ijumaa, basi lilikuwa limeshaondoka na tumeanza kutembea, gari la kijivu likapunguza mwendo likasimama kando yetu. Kioo kikashuka. Mtu wa ndani alikuwa amefunika uso kwa skafu, lakini kwa baridi ile kila mtu alifunika uso. Akaniuliza kama ninaishi hapa. Nikasema mimi ni mgeni, nikapeleka mkono kifuani ilipo pasipoti. Akauliza mtoto ni wa nani.

"Ni mjukuu wangu," nilisema.

Alimtazama Furaha, akanitazama mimi. Niliahidi nafsi yangu kuandika yote, kwa hiyo naandika na hili: mkojo ulinitoka. Ndipo Furaha, ambaye hakuwahi kunitamkia neno la Kiswahili, akanivuta mkono.

"Bibi, twende. Niko nasikia baridi."

Kioo kikapanda. Gari likaenda zake. Tulitembea hadi kwenye ngazi bila kugeuka, na kwenye ngazi ya kwanza Furaha akaanza kulia. Nami nikalia, tukapanda hivyo hadi ghorofa ya pili. Mama yake alikuwa amesimama mlango wazi. Yule mtu alikuwa nani, sijui. Huenda alikuwa jirani mwema aliyeona mgeni na mtoto akashuku. Katika siku zile hapakuwa na njia ya kujua, na hilo lilikuwa sehemu kubwa ya hofu yenyewe.

Jumatatu iliyofuata, Saint Louis Park, mara ya mwisho. Bibi Helen alikuwa amedhoofika. Nilimsimulia mlango wangu, tangu kubisha hadi ndala. Alisikiliza amefumba macho. Nikamwambia kwamba neno mnafiki nalirudisha. Sikuwa na neno jingine la kuweka mahali pake, maana Anna alikwenda na hakurudi, na hakuna hotuba iliyomfungulia. Lakini mtu aliyeandika vile, bila kujitetea, hakuandika ili daftari lichomwe.

"Watu wakilisoma watalichafua jina lake," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekosa.

"Pengine. Lakini huyo mama naye atakuwa na jina mahali fulani, hata kama ni Anna tu."

Aliitazama picha iliyokuwa juu ya meko. Kisha akamwambia Wanjiru apige simu nyumba ya kumbukumbu. Mchana ule ule alikuja mwanamke mmoja mwenye glavu nyeupe na sanduku la kadibodi. Bibi Helen alilishika daftari kwa mikono miwili, na yule mwanamke akasubiri kwa adabu, mkono umenyooshwa. Ilichukua muda. Mwisho vidole vya bibi vikaachia kimoja kimoja. Nilipomuaga aliniuliza kama watoto wa kijijini kwangu bado watasoma hotuba. Nikamwambia wataisoma, na ukurasa wa Anna watausoma kabla yake.

Alhamisi, kurudi. Wanjiru alichukua zamu yangu ya kituoni, bila mtu kumwomba. Mama Furaha alinifungia maandazi kwenye karatasi ya foili, na Furaha akanichorea picha ya bibi mwenye kofia inayofunika macho. Festo alinipeleka uwanjani, na mahali pa kuagana akacheka kwa sauti yake ya zamani kuhusu jambo dogo tu, kisha akatazama huku na huku kuona nani amesikia. Niliondoka na picha hiyo ya mdogo wangu, na ndiyo inayoniuma mpaka sasa. Nilibadilisha ndege mara mbili, nikalala tena Dar es Salaam, na siku ya tatu basi likanishusha Njombe kwenye ukungu na matope mekundu.

Sura ya nne nimeiandika upya. Imekuwa ndefu kuliko nyingine zote, na mhariri wangu analalamika kwamba wanafunzi watachanganyikiwa, hawatajua wampende Pelling au wamchukie. Nimemwambia hata mimi sijui, na sioni kwa nini wao wajue haraka kuliko mimi.

Watu hapa nyumbani wananiuliza safari imenifunza nini. Zamani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba shujaa ni mtu aliyeishinda hofu. Sasa siwaambii hivyo. Kituoni pale nilishuka siku sita, kila mara nikiamini kwamba safari hii nitashuka bila kutetemeka. Siku hiyo haikuja. Siku ya sita nilitetemeka sawasawa na ya kwanza, nikashika kitasa, nikafungua, nikashuka.